Mama Ofisa na Kaburi la Simiti

Wiki jana walikuja tena na chokaa. Vijana watatu kutoka ofisi ya naibu chifu, ndoo mbili na burashi, wakalipaka lile kaburi la simiti mpaka likang'aa kama jino la bandia. Kila mwaka sikukuu ya taifa ikikaribia wanakuja. Mmoja alinisalimia kwa heshima, akaniuliza, "Nyanya, ofisa mwenyewe ulimjua?"

Nikamwambia, "Ofisa hayuko humo. Paka chokaa yako uende."

Akacheka. Alidhani ni uzee.

Basi nitaandika. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, na mjukuu wangu wa kike anasema mwandiko wangu ni kama kuku amekanyaga wino. Sawa. Nina wajukuu kumi na wanne na wote wanajua kusoma, kwa hivyo wasomaji ninao. Habari za ofisa sitaandika. Hizo ziko kwenye karatasi ya serikali, kwa Kiingereza. Nitaandika habari za mama yake, ambaye hakuna karatasi iliyomtaja.

Tulimwita Mama Ofisa. Jina la ubatizo alikuwa nalo, pasta alilitumia, sisi wengine hapana. Nikimkumbuka, kitu cha kwanza ni mikono. Ilikuwa mikubwa kama ya mwanamume, kucha zimeliwa na udongo, na kila kitu alikishika kwa yote miwili. Kikombe cha chai, mikono miwili. Biblia, mikono miwili. Ukimsalimia alikupokea mkono wako mmoja kwa mikono yake miwili, akaupima, kama anayetaka kujua umekauka vya kutosha kuingia motoni.

Alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake vilijulikana Katito, vikajulikana Sondu, na kuna wanawake wa Kisumu mjini waliokuja siku ya soko wakapita vya wengine wote bila kuviangalia. Udongo alichimba mwenyewe kando ya mto. Akauchanganya na vigae vya vyungu vilivyovunjika, ambavyo alivitwanga mpaka vikawa unga. Alisema chungu kipya kisicho na chungu cha zamani ndani yake lazima kipasuke. "Udongo mtoto hauna adabu," alisema. "Uchanganye na wazee." Akifika shingoni alichukua kamba ndogo ya nyasi iliyosokotwa, akaizungusha juu ya udongo mbichi, ikaacha mistari ya alama. Kwetu kila mfinyanzi ana kamba yake. Ukiona alama unajua mkono.

Ulimi wake pia ulikuwa na alama. Mwanamke alimwambia mara moja pale sokoni kwamba chungu chake ni kizito. Mama Ofisa akamjibu, "Si ubebe karatasi, basi. Upikie ndani ya karatasi." Mlevi akipita karibu na moto wake wa kuchoma vyungu, yeye alimrushia bonge la mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na alikuwa na shabaha. Pombe aliichukia kabisa. Aliwahi kuingia kwangu akamwaga busaa ya mume wangu yote, mume wangu akiwa amekaa hapo hapo anatazama. Lakini vyungu vya busaa alifinyanga, vikubwa, vizuri, na mume wangu alipomuuliza mbona, alisema, "Mimi nauza chungu. Unachotia ndani ni kesi yako na Mungu."

Waswahili wanasema mfinyanzi hulia gaeni. Huyu hapana. Alikula kwenye sahani ya bati ya jeshi, karibu miaka yote niliyomjua, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa.

Sahani hiyo ndiyo iliyorudi kutoka vitani. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, vita viko kaskazini, na mwanawe alikuwa Luteni huko, hajaoa bado. Baba yake alikuwa amekufa zamani. Mimi nilikuwa nimeolewa boma la jirani, hata mwaka haujaisha. Wakaja askari wawili na Land Rover, wakateremsha sanduku dogo: wembe, Biblia, burashi ya viatu, sahani ya bati. Wakaeleza kwamba gari la Luteni lilikanyaga bomu la ardhini. Yeye alitoka mzima. Akarudi kuwavuta wenzake, akawavuta, kisha bomu la pili likalipuka.

Mama Ofisa akauliza mwili uko wapi.

Askari mmoja akatazama viatu vyake. "Mama, hakukuwa na cha kuleta."

"Hata kiatu?"

"Hata kiatu, mama."

Kwetu mtu akifa na mwili usionekane, awe amemezwa na ziwa, awe amepotelea vitani, hatukai hivyo hivyo. Wazee huenda kutafuta tunda la yago. Yago ni mti mkubwa, na matunda yake yananing'inia kwa vikonyo virefu kama kamba, marefu na mazito kama paja la mtoto. Huchunwa moja. Hufungwa shuka, huingizwa nyumbani, hulazwa, huliliwa kama mtu, huzikwa kama mtu. Tangu saa hiyo hilo si tunda tena. Ni yeye. Ndivyo tulivyomzika Luteni, mbele ya nyumba ya mama yake. Pasta aliomba, ng'ombe wakakimbizwa kufukuza kifo, na mimi bibi harusi wa juzi niliimba mpaka sauti ikakatika. Mama Ofisa aliniambia siku hiyo, "Wewe mdomo wako ni mali ya kijiji. Uutunze." Sikuwahi kusifiwa hivyo na mtu. Niliyabeba maneno hayo miaka mingi kama hereni.

Mvua ya pili ilipokuja kaburi likaota.

Wazee wakakutana haraka. Mmoja wao, aliyejua mila kuliko wote, au aliyesema anajua, akatamka kwamba yago ya kaburi inatakiwa ioze kama mtu anavyooza, na hii imekataa, kwa hivyo ing'olewe. Mama Ofisa akaleta kiti chake kidogo cha kufinyangia, akakaa kando ya lile chipukizi, panga mapajani. Alikaa siku tatu. Chakula nilimpelekea mimi. Pasta naye akaja, akasema mambo haya ya miti ni ya gizani.

"Pasta," akamwambia, "si wewe ulisimama pale ukasema mbegu isipokufa haizai? Nilikuwa kiti cha mbele. Ama ulikuwa unatania?"

Pasta akaondoka. Mti ukakua.

Msidhani aliuabudu. Aliugombeza. Maua ya yago ni makubwa, mekundu ya giza, na huanguka asubuhi chini yakawa uchafu, na mara nyingi nilimsikia akifagia akisema, "Hata ulipokuwa mdogo hukuwahi kuokota nguo zako." Popo walipojaa alisema ni marafiki zake wabaya wa jeshini. Hakuwahi kuuita mti kwa jina la mwanawe, na hakuwahi kumwita mwanawe marehemu. Akisema "huyu," ulijua.

Siku moja akaja mzee Mkikuyu mwenye duka Kisumu, mtu mpole, kofia kichwani. Kwao matunda ya yago huchachusha pombe ya asali, na alikuwa amesikia kuna mti mzuri huku Nyakach. Akasema anataka kununua matunda machache. Mama Ofisa akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Unataka kumnywa mtoto wangu?"

Yule mzee hakuelewa. Tukamweleza. Alipoelewa alivua kofia, akaishika kifuani, akarudi nyuma hatua mbili, akaomba radhi kwa Kiswahili, halafu kwa Kikikuyu kana kwamba Kiswahili hakitoshi.  Kisha huyu mwanamke aliyemwaga busaa ya mume wangu akaokota matunda matatu yaliyoanguka, akampa. "Chukua. Huyu alikunywa, mimi najua, alidhani sijui. Lakini mkinywa msipigane." Tangu hapo mzee yule alikuja kila mwaka, na kila alipoingia langoni alivua kofia.

Miaka ikaenda hivyo, zaidi ya ishirini. Mti ukawa mpana, kivuli chake kikafika jikoni. Halafu, miaka ya themanini inaelekea kwisha, serikali ikamkumbuka.

Walikuja D.O., mkuu wa tarafa, na naibu chifu wetu. Huyu naibu chifu niseme ukweli wake: mama yake alikuwa mgonjwa, akakulia jikoni kwa Mama Ofisa. Ugali wa pale ndio uliomrefusha.

"Mama, hongera," D.O. akasema. "Serikali imemkumbuka mwanao."

"Kwani alikuwa amepotea?"

"Hapana, mama. Nasema atapewa nishani. Nishani ya taifa, kwa ushujaa. Bwana Mkubwa wa mkoa mwenyewe atatoka Kisumu aje kuileta. Kaburi liko wapi tulione?"

"Si hilo umeliegemea."

D.O. akautoa mkono wake kwenye mti kama ameungua. "Mama, huu ni mti."

"Ni yeye."

D.O. akamtazama naibu chifu. Naibu chifu akatazama mlango wa jikoni.

"Mama," D.O. akasema polepole, kama anayeongea na kiziwi, "serikali haiwezi kuupa mti nishani. Watu wa magazeti watakuja. Wakipiga picha ya mti tutasema nini?"

"Semeni ukweli. Mkishindwa, kaeni na nishani yenu."

Wakaenda. Mimi nilikuwa pale, nikacheka sana, tukacheka wote wawili. Hilo ndilo linalonichoma. Nilicheka naye, na kesho yake naibu chifu akaja kwangu.

Nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Nyimbo zote zilizoimbwa mbele ya wageni huku kwetu, mimi ndiye niliyezitunga. Naibu chifu aliketi, akanywa chai yangu, akasema kikundi kitapewa vitenge vya aina moja, na wimbo wetu umewekwa kwenye ratiba, baada ya hotuba, Bwana Mkubwa akiwa ameketi anasikiliza. Halafu akasema, "Kuna kitu kidogo tu. Siku ya soko, mshikilie mama kule Katito mpaka saa tisa. Tunataka kumtengenezea kaburi zuri, tumfurahishe bila yeye kujua."

"Na mti?"

"Mti utaangaliwa."

Nilipomsindikiza langoni niliona pickup ya kazi imesimama barabarani. Chini ya turubai palitokeza msumeno mrefu, ule wa watu wawili, mshiko huku na mshiko huku. Niliuona. Sitaki mjukuu wangu yeyote asome hapa akadhani nyanya yake hakuuona.

Siku ya soko nikamwambia Mama Ofisa kuna mama mmoja wa Milimani, kule kwa matajiri wa Kisumu, anakuja na gari lake kununua mitungi kumi, ya kupandia maua.

"Maua kwenye mtungi wa maji?"

"Ndivyo wanavyofanya."

"Na maji wanaweka wapi?"

"Kwenye friji."

"Aa, yawa," akasema. "Watu wa Milimani ni wa kuombewa." Akaketi kungoja. Jua likapanda, likageuka. Kila gari lililopunguza mwendo kwenye njia panda ya Kendu Bay alinyanyuka, akapanga mitungi yake vizuri, akakaa tena. Wateja wa kweli waliotaka mtungi mmoja aliwarudisha. "Hii ina mwenyewe, anatoka Kisumu." Saa nane alininunulia ndizi. Aliniambia, "Kula, wewe unanisaidia kazi." Nikala.

Tulipofika nyumbani kisiki kilikuwa cheupe, kimelowa. Matawi yamerundikwa kando ya ua. Mbele ya kisiki, simiti mbichi, imepigwa mwiko vizuri, na mlingoti wa bendera. Wanaume wa kazi walikuwa wameketi wakinywa soda. Hakuna aliyesimama.

Hakulia. Hakupiga kelele. Mitungi kumi ilikuwa bado kwenye mkokoteni wa punda, na yeye alisimama tu, mikono yake mikubwa imening'inia kama haina kazi. Matunda waliyatupa kwenye shimo la taka. Moja lilikuwa limeviringika likaishia kwenye ua. Aliliokota, akalipangusa kwa leso, akaingia nalo ndani, akafunga mlango.

Mimi nilikwenda kwangu kujaribu kitenge.

Sherehe ilifanyika siku ya nne. Wageni walikuwa wengi, na magari yalipangwa mpaka barabarani. Nyama ilipikwa uani kwangu, na kuni tulizopewa ni zile, matawi yake, mabichi. Zilikataa kuwaka. Zilitoa moshi mzito, na upepo wa ziwa ukaubeba moja kwa moja mpaka kwenye hema la wakubwa, wakawa wanapangusa macho na vitambaa, na mtu wa magazeti akapiga picha, na baadaye tukasikia kwamba ilisemekana viongozi walibubujikwa na machozi. Aliyepuliza moto ule ni mimi.

Bwana Mkubwa akasoma karatasi kwa Kiingereza, mkalimani akatafsiri. Ilikuwa karatasi nzuri, siwezi kusema uongo. Ilieleza jinsi Luteni alivyorudi kuwavuta wenzake. Mama Ofisa alisimama na nguo yake ya kanisani, akapokea kisanduku chekundu. Kwa mikono miwili. Watu wakapiga makofi. Alitakiwa arudi kuketi. Hakurudi. Alikwenda akasimama mbele ya kipaza sauti, ambacho hakikuwa chake kwenye ratiba.

"Nawashukuru kwa kuja," akasema. "Mmetoka mbali. Nina swali moja tu. Pale chini mmezika nini?"

  Bwana Mkubwa akainama kwa D.O., D.O. akainama kwa naibu chifu.

Mama Ofisa akarudia, bila kupandisha sauti. "Si mnaona kaburi? Nauliza. Ndani mmeweka nini?"

Naibu chifu akanitafuta kwa macho. Akaninyooshea kidole, akaupunga mkono juu, namna hii, kama mtu anayeondoa ng'ombe kwenye shamba. Akina mama ishirini na kitu, vitenge vya aina moja, walinitazama mimi. Nami nikaufungua mdomo wangu, mali ya kijiji, nikaimba.

Niliimba vizuri. Hiyo ndiyo aibu yenyewe. Vigelegele vikapanda, ngoma ikaingia, Bwana Mkubwa akainuka akatingisha mabega, watu wakacheka kwa kushukuru. Mama Ofisa alisimama pale mpaka ubeti wa pili. Kisha akashuka.

Mnaniuliza nina hasira na nani? Na D.O., ambaye alikuwa na macho akaona mti tu. Na Bwana Mkubwa, aliyekula nyama iliyopikwa kwa kuni za mtu aliyekuja kumheshimu, akasema ina harufu nzuri ya moshi. Na naibu chifu nina hasira ya pekee, na akisoma hapa nafurahi. Tumbo lile lilijazwa na mikono ile. Lakini hao wote walikuwa hawajui walichokata, au walijifanya. Mimi nililia juu ya lile tunda wakati linazikwa. Mimi nilijua.

Baada ya hapo hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Tulikutana kisimani, kanisani, Katito, na alinisalimia, akauliza habari za watoto mmoja mmoja kwa jina. Ila alinipa mkono mmoja. Miaka saba, mkono mmoja.

Mzee Mkikuyu alipokuja mwaka uliofuata alivua kofia langoni kama kawaida, akainua macho, akakuta mbingu.  "Hata kwetu hawa hatuwakati," akasema, akaondoka, hakuja tena.

Lile kaburi hakulipa heshima hata kidogo. Simiti ilikuwa ngumu na tambarare, kwa hivyo alilifanya jiwe la kutwangia. Vigae vyake vya zamani alivitandaza juu ya kaburi la serikali, akavitwanga pale pale, tu! tu! tu!, mlio unasikika mpaka barabarani. Watu wa kanisa wakashtuka. Akawaambia, "Hapa hakuna mtu." Chokaa ikipakwa, wiki moja baadaye ni vumbi jekundu tena.

Na nishani? Wengine walisema ameitupa ziwani. Wengine walisema chooni. Naibu chifu alikuja kuiomba, ati kuna maonyesho Kisumu na wanataka kuiweka kwenye kioo watu waitazame. Mama Ofisa alikuwa amepiga magoti mbele ya udongo, hakuinua kichwa.

"Haina nafasi. Iko kazini."

Tulidhani ni maneno yake tu ya ukali. Tuliona tu kwamba vyungu vyake vilikuwa vimebadilika alama. Mistari ya kamba ya nyasi haikuwepo tena. Shingoni palikuwa na meno madogo madogo, yamekaa sawasawa, na kila baada ya hatua, nyota. Wanunuzi walizipenda nyota. Zilienda Sondu, zilienda Kisii, zilienda Milimani kweli kweli, siku hizo bila uongo wangu.

Halafu ziwa likamchukua mwanangu wa pili.

Walikuwa wanne kwenye mtumbwi. Upepo uliwakuta katikati. Wawili waliogelea, mmoja alipatikana kwenye magugu siku ya tatu, wangu hakupatikana. Tulikaa ufuoni siku tisa. Siku ya kumi wazee wakasema inatosha, itafutwe yago.

Wanaume wakatoka asubuhi, wakarudi jioni mikono mitupu. Miti ilikuwa imekwisha kwa makaa. Walikwenda mpaka ng'ambo ya mto, wakaambiwa uko mmoja mbali, hauna tunda msimu huu. Shemeji yangu akaketi, akavua viatu, akasema bila kumtazama mtu, "Ulikuwepo mmoja hapa hapa."

Nikasema, "Nitaenda mwenyewe."

Nilimkuta jikoni, ameketi kwenye kile kiti kidogo. Alikuwa amezeeka, vifundo vya vidole vimevimba. Mbele yake mtungi mbichi, na mkononi alikuwa na kitu anakiviringisha polepole kwenye shingo yake. Kikang'aa. Kilikuwa cha duara, ukingo wa meno, nyota katikati. Udongo ulikuwa umekila mpaka maandishi yakafutika. Hakukificha. Aliendelea mpaka duara likakutana, ndipo akainua macho.

"Nimesikia," akasema. "Pole haitoshi, kwa hivyo sitaisema. Umekuja kutafuta nini?"

"Yago, mama."

"Mti ulikatwa."

"Najua."

"Unajua."

"Mama, hakukuwa na mtu wa Milimani. Siku ile Katito. Nilikudanganya."

"Hilo nalijua tangu saa tisa ya siku ile. Wewe ulikula ndizi huku unatetemeka." Akaiweka nishani kwenye goti lake. "Sikukuuliza hilo. Nina swali lingine kabisa. Niliuliza siku hiyo mbele ya watu, kabla sijajibiwa mtu akaimba. Pale chini mmezika nini?"

 Niliketi chini, juu ya majivu.

"Hakuna kitu, mama."

"Sikusikia. Wewe una sauti, mimi nakujua."

"Hakuna kitu!" Nilipiga kelele, nadhani ilifika barabarani. "Tulizika simiti! Mtoto wako tulimkata, tukamfanya kuni za kuwapikia wageni, na pale tukazika simiti!"

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa kitu alichoagiza zamani. Kisha akajiinua, kwa taabu, akanyoosha mikono juu ya moto, kwenye dari ambako moshi hukaa. Akateremsha kitu kirefu, cheusi, kimefungwa kwenye leso. Niliijua leso kabla sijajua kilichomo.

"Nililiweka nimzike tena," akasema. "Nilitafuta wanaume wa kunivunjia ile simiti. Kila mmoja alisema hilo ni kaburi la serikali, mama, tutafungwa. Miaka saba."

"Basi hili ni lake, mama. Siwezi kulichukua."

"Wangu ana nishani." Alisema hivyo, na sijawahi kusikia neno likitemwa namna ile. "Wako ana nini?"

Machozi yalikuwa yananimwagika. Nikajipangusa kwa mkono wa kushoto, nikanyoosha wa kulia kupokea.

Akarudisha nyuma. "Mikono miwili! Umepata kuona wapi mtu akibebwa kwa mkono mmoja?"

Nikanyoosha yote miwili. Akamlaza juu ya mikono yangu, akanifunika vidole kwa vidole vyake vya udongo, vyote, akashikilia kidogo, akaachia.

Nikambeba. Nikapita kando ya lile kaburi jeupe, nikatoka langoni, mpaka kwetu, na njiani sikuimba.